Mkono Wenye Unga

Kila asubuhi, kabla mtu wa kwanza hajapiga hodi, Mokami alitumbukiza mkono wake wa kulia kwenye beseni la unga mpaka vidole vikafunikwa vyote, akautoa, akaukung'uta kidogo, kisha akaenda kukaa mlangoni pa jiko. Hakuwa anapika. Uji ulikwisha kuiva, chai ilikuwa kwenye chupa, na ugali wa mchana ulikuwa bado mbali. Lakini ukimkuta saa hizo ungedhani umemkatiza kazi. Mgeni akija kumwamkia, alimwonyesha kiganja cheupe, akacheka, akasema samahani, nina unga, halafu akamwinulia mkono uliokunjwa ili mgeni amshike juu, karibu na kiwiko, kama wafanyavyo watu wote wanaokutwa na mikono michafu.

Boke, mke wa mwanawe Ezra, aliliona jambo hilo siku nyingi kabla hajalielewa. Alikuwa mtu wa kuona zaidi ya kusema. Alizaliwa Sirari, mpakani kabisa, mama yake akiwa na mgahawa uliojaa madereva wa malori na makelele ya Kiswahili cha pande mbili, na labda ndiyo sababu yeye alitoka kimya: wenzake walikuwa wamekwisha kuyasema yote. Alipoolewa katika kijiji cha Busawe, mama mkwe wake alimtazama kwa wiki nzima akingoja neno, mwisho akawaambia majirani, "Ezra alitoa ng'ombe wote wale, kumbe mdomo unaletwa baadaye."

Watu walicheka, na Boke naye alicheka, kwa sababu utani wa Mokami haukuwa unauma. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, wa miaka sitini hivi, anayetania hata kuku wake. Mume wake alikwisha kufariki, binti yake wa mwisho, Robi, alikuwa karibu kuolewa, na Ezra, ambaye ni fundi ujenzi mjini Mugumu, alikuwa amewajengea nyumba ya bati yenye sebule. Humo mlikuwa na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma na televisheni ya sola. Mokami aliisifu sebule ile kwa kila mgeni na hakukaa ndani yake hata kidogo. Alikaa jikoni, kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, chenye mafiga matatu na kigoda kimoja.

Ukimuuliza juu ya makochi, atakuambia habari za Bibi Ghati, jirani yao. Bibi Ghati alikuwa na wakwe watatu, wake wa wanawe, wenye adabu sana. Mmoja alimpokea jembe, wa pili akampokea ndoo, wa tatu akampokea sufuria, na wote kwa heshima, "Mama, pumzika." Siku hizi Bibi Ghati alikuwa amekaa kwenye kochi tangu asubuhi hadi jioni, analetewa chai, anaangalia vifaranga wakipita mlangoni. "Amestaafu," Mokami alisema. "Hata nzi anafukuziwa."

Jikoni, Mokami ndiye aliyesonga ugali. Si ugali ule mweupe wa mahindi, ambao aliuita ugali wa mpakani ili Boke asikie. Huu ulikuwa wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, ambao ukishaanza kushikana unakuvuta wewe badala ya wewe kuuvuta. Mwiko wake ulichongwa na marehemu mumewe na mpini wake uling'aa kwa miaka ya kushikwa. Kukiwa na msiba, au harusi, au kanisa linavuna, watu wa Busawe walimtuma mtu kwa Mokami kabla hawajatuma mtu kwa mchinjaji. Aliinama juu ya sufuria, miguu ameitanua, akaukandamiza unga pembeni na kuugeuza, kandamiza, geuza, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilizunguka kama kitasa.

Boke aliruhusiwa kuteka maji, kuchekecha unga, kupuliza moto na kuosha vyombo. Mwiko hakuruhusiwa. Katika miaka miwili ya ndoa yake hakuwahi kuusonga ugali wa nyumba ile hata siku ambayo mama mkwe alikuwa na homa. Hakuuliza. Alijijibu mwenyewe kwamba ugali wake wa mgahawani hauaminiki, akaendelea kuchekecha.

Masika yalipofika, Mokami alianguka njiani akitoka kisimani. Udongo wa kule ni mweusi na ukilowa hauna huruma na mtu mzima wala mtoto. Aliisimulia ajali ile mwenyewe, kwa kicheko, jinsi miguu ilivyokwenda Tarime na kichwa kikabaki Serengeti, jinsi alivyojikinga kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeng'ang'ania ndoo, na jinsi ndoo ilivyofika nyumbani na nusu ya maji. Juu ya ndoo alieleza sana. Juu ya mkono hakusema kitu.

Tangu hapo ndipo unga ulipoanza. Boke aliona na mengine. Mama mkwe alipokamua ng'ombe, alibadilisha mikono mara nyingi. Alipokamua nguo baada ya kufua, alizitundika kambani zikiwa zinachuruzika, akasema jua lipo. Chupa ya chai aliifungua kwa kuibana mapajani na kuzungusha kifuniko kwa mkono wa kushoto. Na jioni, alipomaliza kusonga, alikaa kidogo na mkono ule mapajani kama mtu aliyepakata kifaranga. Kumpa mtu chakula kwa mkono wa kushoto hakuweza, maana alilelewa hivyo, kwa hiyo kila sahani ilitoka kwa mkono uleule uliokuwa umekwisha kuchoka.

Jumapili moja, Nikolaus akaja. Alikuwa katekista, mwenye kifua kipana na furaha nyingi, na alikuwa na sifa ya kusalimia. Huku kwetu mtu akikusalimia hakuachii mkono mpaka aulizie watoto, ng'ombe na mvua, lakini Nikolaus aliulizia hadi kuku. Alikuja na habari njema: wakwe wa Robi, watu wa upande wa Tarime, wamekubali siku ya kuja kujitambulisha rasmi na kula, nayo ilikuwa imebaki kama wiki tatu. Mokami alimwonyesha kiganja cha unga, akamwinulia mkono uliokunjwa. Nikolaus, kwa furaha yake, hakuona sababu ya kushika kiwiko cha mama wa bibi harusi mtarajiwa. Alikishika kifundo chenyewe, kwa mikono yote miwili, akakitikisa kwa ajili ya watoto, na kwa ajili ya ng'ombe, na alipofika kwenye mvua, kibuyu cha maziwa kilichokuwa kwenye mkono wa kushoto wa Mokami kilianguka.

Hakupiga kelele. Uso wake tu uligeuka rangi ya jivu, na machozi yakatoka bila ruhusa yake. Nikolaus alidhani ni furaha ya mama, akamwombea pale pale.

Mgeni alipoondoka, Boke aliokota vipande vya kibuyu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa chini mbele ya mama mkwe wake, akaushika mkono wa kulia taratibu, akaupangusa unga, akapandisha mkono wa sweta. Juu ya kifundo kulikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, kimefungwa kikakaza mpaka kimeacha mifereji kwenye ngozi. Upande wa nje, ule wa kidole kidogo, karibu na kile kifupa kinachojitokeza, pamevimba kidogo. Alipogusa na ncha ya kidole, Mokami alivuta pumzi.

Kwa shida, maneno yakatoka. Siku chache baada ya kuanguka alikuwa amekwenda kwa siri kwa mzee Waitara, ambaye huvuta viungo vya wachezaji mpira na mara nyingine vya ndama. Waitara aliuvuta mkono na kuuzungusha mpaka ukalia, akasema umerudi. Haukurudi. Baadaye akaanza mwenyewe kuukanda kwa maji ya moto, halafu tyubu, halafu unga.

"Kesho tunakwenda Mugumu," Boke alisema.

Mokami aliushusha mkono wa sweta. "Kumbe mdomo umefika," akasema. Lakini hakukataa.

Walikwenda kwa bodaboda, watatu kwenye pikipiki moja, Mokami katikati, ameukumbatia mkono wake kama mzigo wa mayai. Hospitalini daktari aliagiza picha ya eksirei, akaitazama kwenye mwanga, akasema mfupa haukuvunjika, kisha akawapeleka kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Humo alikuwamo kijana mrefu mpole aitwaye Vedasto, mzaliwa wa Bukoba.

Vedasto aliuliza mengi kabla ya kugusa. Aliuliza alivyoanguka, kiganja kilitua vipi, maumivu yanakuja wakati gani. Mokami alijibu kwamba yanakuja akigeuza mwiko, akikamua nguo, akifungua kifuniko, na akijiinua kutoka kwenye kigoda kwa kuegemea mkono. Vedasto akamwambia aegemeze viganja kwenye mikono ya kiti na kujiinua kidogo. Alipoinuka, uso ukajikunja. Kijana akaugeuza mkono ule polepole, kiganja juu, kiganja chini, akaupinda kuelekea kidole kidogo, mwisho akabonyeza kwa kidole kimoja kwenye kibonde laini kilicho kati ya kifupa cha nje na mkono wenyewe. Hapo Mokami akamwita, kwa lugha ya nyumbani, jina ambalo Boke hakulitafsiri.

"Mama," Vedasto alisema, bila kukasirika, "ndoo ya maji unaibeba juu ya nini?"

"Juu ya kichwa, mura, kijana wangu. Kwani kwenu mnabebea wapi?"

"Na kati ya kichwa na ndoo unaweka nini?"

"Ngata."

"Basi na hapa ipo ngata." Akamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Mifupa miwili hutoka kwenye kiwiko kuja mkononi. Ule wa upande wa kidole gumba unashika mkono moja kwa moja. Huu wa upande wa kidole kidogo haugusi. Kati yake na vile vifupa vidogo vya mkono imewekwa ngata nyororo iliyofungwa kwa kamba za mwili, ili mkono uweze kubeba na kuzunguka bila mfupa kusaga mfupa. Ukianguka juu ya kiganja, ngata inabanwa, inaweza kuchanika. Ukigeuza kitu kizito huku unakandamiza, unaibana tena palepale. "Kila ugali unaousonga," alisema, "unaiambia isipone."

Mokami alikaa akiutazama mkono wake kama aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kuwa kipo.

Aliulizia habari za Waitara. Vedasto hakumcheka mzee. Alisema kiungo kilichochomoka, mtu mwenye mikono mizuri anaweza kukirudisha, ingawa ni afadhali kionwe kwanza hospitali. Lakini hapa hakikuchomoka kitu. Kuuvuta mkono huu ni kuishika ngata iliyochanika huku na huku na kuvuta. Na ile tyubu ilikuwa inakaba damu, si kushikilia mkono.

Tiba ilikuwa nyepesi kuisikia. Alimvalisha sapoti, yaani gamba la kitambaa kigumu lenye kibati ndani, linaloshika kifundo kisigeuke lakini linaacha vidole vifanye kazi. Aivae wiki sita, aivue akioga. Asikamue nguo, asibebe ndoo kwa mkono ule, asifungue vifuniko. Maumivu yakizidi, aweke kitu cha baridi kwa dakika chache, kimezungushiwa kitambaa. Dawa za maumivu ni za siku chache tu, azimeze akiwa amekula, na kwanza alimuuliza kama ana vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Baadaye watarudi waanze mazoezi. Kidole kidogo kikianza kufa ganzi, au mkono ukiishiwa nguvu, wasingoje tarehe. Na kama miezi itapita bila nafuu, zipo sindano na upo upasuaji kwenye hospitali kubwa za Mwanza, lakini wengi hutulia kabla ya kufika huko.

"Na mwiko?" Mokami aliuliza.

"Mwiko ndio wa kwanza kupumzika."

"Wakwe wa binti yangu wanakuja baada ya wiki tatu. Mwanamke wa nyumba ndiye anayesonga ugali wa wakwe. Mama mkwe wangu alisonga, na mama yake kabla yake."

Vedasto alikaza mkanda wa mwisho wa sapoti. Akasema hawezi kumfunga kamba, mkono ni wake. Akichagua kusonga siku ile, atasonga. Ila ngata itakayochanika zaidi siku ile haitajali kwamba walikuwa wakwe.

Njiani kurudi Mokami alingoja hadi walipokaribia nyumbani. Ndipo akamwambia Boke sikioni, juu ya mlio wa pikipiki, kwamba yule kijana kwao wanakula ndizi, ugali hawezi kuujua.

Hata hivyo, sapoti aliivaa. Kitu cha baridi kilikuwa taabu, maana friji ilikuwa dukani tu, na dukani walikuwa na barafu za watoto, zile nyembamba zenye rangi ya ubuyu. Boke alinunua mbili kila jioni. Mokami aliifunga moja kwa khanga juu ya kifundo, akahesabu pumzi, na ilipoanza kulainika aliifungua ncha kwa meno akainywa. Alisema ni mara ya kwanza katika maisha yake kuandikiwa dawa ya kulamba. Hadi mwisho wa wiki, watoto wa jirani walikuwa na maumivu ya mkono.

Na ugali? Wiki zile aliusonga Robi, ambaye siku zote alikuwa na haraka, na ugali wake ulikuwa na vidonge vya unga mkavu katikati. Boke aliendelea kuchekecha. Hakuna aliyemwambia ashike mwiko, naye hakujipa. Kila akiuona umening'inia ukutani aliutazama na kupita, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba ya ukoo ambako hajakaribishwa.

Siku ya wakwe ilifika. Mbuzi walichinjwa alfajiri, na wanaume waliotwaa matumbo walikuwa wanatengeneza kichuri, kile kitoweo kichungu cha matumbo, nyuma ya zizi kwa mabishano makubwa. Robi alikuwa ndani anasukwa nywele. Sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya mafiga na maji yalianza kuchemka. Mzee Werema, mkuu wa msafara wa wakwe, alikuwa amekwisha kuketishwa sebuleni pamoja na wenzake. Sauti zao zilifika hadi jikoni.

Mokami aliingia. Alisimama mbele ya moto, akafungua mikanda ya sapoti mmoja mmoja, akaiweka juu ya kigoda. Kisha akautoa mwiko ukutani. Boke alikuwa amepiga magoti pembeni na ungo wa unga. Alimimina unga pale alipoonyeshwa kwa kidevu.

Kandamiza. Geuza. Mara ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita polepole. Ya tatu, unga uliposhikana na kuanza kuvuta, mwiko ulisimama katikati ya sufuria na mkono wa Mokami ukasimama nao. Mvuke ulipanda usoni mwake. Kule sebuleni mtu alicheka. Ugali uliosimama kwenye moto haungoji. Boke alisikia chini ya sufuria ukianza kushika.

Angeweza kusema, mama, pumzika. Alilijua neno lile na alilijua lilivyomfanya Bibi Ghati. Badala yake aliinuka, akaitoa sapoti juu ya kigoda, akakivuta kigoda hadi kando ya mafiga, karibu kabisa na moto, mahali ambapo magoti ya mtu aliyeketi yangeweza kuguswa na mwiko.

"Kaa hapa, mama," alisema. "Niambie ninavyokosea."

Mokami alimtazama, akatazama kigoda. Akauachia mpini.

Alikaa, na mara ile ile akaanza. Ongeza unga upande wa kule. Usiupapase, huo si mtoto, usonge. Ushuke na mgongo, si kwa mikono. Mpaka wa Sirari ulifungwa leo au vipi, mbona unausonga kana kwamba kuna lori linasubiri? Boke alisonga mpaka jasho likamdondoka kwenye kope, na mahali fulani kati ya tusi na tusi aligundua kwamba anacheka kwa sauti. Mokami, sapoti imerudi mkononi, alionja kipande, akatafuna kwa muda mrefu isivyo lazima.

"Upakue," akasema.

Wageni walikula. Mzee Werema alikata tonge, akalitazama, akalichovya, akala, na baada ya la pili akasema kwa sauti ya kusikika uani kwamba sifa za ugali wa mama wa nyumba hii zimewafikia mpaka Tarime na kumbe hazikutiwa chumvi. Mokami alikuwa amesimama mlangoni kuwakaribisha. Ilikuwa rahisi kunyamaza, maana mgeni hasahihishwi.

"Huo umesongwa na mke wa Ezra," alisema. "Mimi leo nilikuwa mwalimu."

Wiki sita ziliisha. Walirudi Mugumu, na safari hii Vedasto alipobonyeza kile kibonde, Mokami alimwita mwanangu. Yakaanza mazoezi: kuminya mpira wa soksi zilizoviringishwa, taratibu, asubuhi na jioni, kushika mwiko mtupu kwa mpini na kuugeuza hewani, kiganja juu, kiganja chini, bila uzito, baadaye kuinua chupa ndogo ya maji. Akielekea kuumia, apunguze. Alionyeshwa pia kubeba sufuria kwa mikono miwili, viganja vikitazama juu, na kukamua nguo kwa kuizungushia kwenye nguzo na kuvuta badala ya kuisokota. Majirani waliomwona akivutana na shuka kwenye mti wa uani walidhani anafunga ndama.

Alipona kama wanavyopona watu wa umri wake, si kama kijana. Asubuhi za baridi kifundo humkumbusha kisimani. Ugali wa harusi ya Robi hakuusonga, wala wa msiba wa mtu yeyote. Boke ndiye anayeitwa sasa, naye huenda na Mokami, na Mokami huenda na kigoda chake. Lakini sufuria ndogo ya nyumbani, ile ya jioni ya watu watatu, hiyo alirudishiwa. Huisonga kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavuni, akigeuka na mwili mzima kama mtu anayecheza ngoma ya polepole. Siku moja yeye, siku moja Boke. Asiyesonga hukaa kwenye kigoda na kutukana.

Na asubuhi, beseni la unga hubaki na kifuniko chake. Mokami hukaa mlangoni pa jiko na mkono mkavu, na wanaokuja kumwamkia wanaupata mkono wote, kwa watoto, na kwa ng'ombe, na kwa mvua. Ila Nikolaus tu ndiye bado anapewa kiwiko.

Jioni moja, ilikuwa zamu ya Mokami kwenye sufuria. Boke alikuwa kwenye kigoda, anachambua mboga. Moto ulikuwa mzuri, na kwenye sebule Ezra alikuwa anaangalia taarifa ya habari peke yake. Boke alichambua jani, na jani, halafu akauliza kile alichokuwa amekibeba tangu siku ya kibuyu.

"Mama, kwa nini hukuniambia kuwa mkono unauma?"

Mokami aliugeuza ugali, akaukandamiza, akauacha mwiko usimame.

"Niliogopa kukaa sebuleni peke yangu," alisema.